Namba Kumi na Saba

Kabla boti haijaacha mchanga wa Matema
huwa natoa koleo mfukoni
nikaponda kijino cha kila ndoano,
mteja akiangalia.
Wengine hucheka. Wengine huniuliza
kama nimelipwa na samaki.

Injinia Mwaijande hakucheka.
Alikuwa barabarani tangu Uyole, saa tisa usiku,
sanduku la barafu nyuma, shati jipya,
na mkwe wake kichwani:
jinsi mzee atakavyosimama mlangoni
kupokea mbasa wa dhiraa nzima.
Nikamsomea masharti.
Samaki wawili wa kula kwa boti, basi.
Machi mpaka Mei, mbasa haendi nyumbani na mtu.
Akasema sawa, kama watu wanavyosema sawa
kwa daktari wa meno.

Tulikaa mbele ya mdomo wa Lufilyo,
pale maji ya kahawia ya mto
yanapokataa kuchanganyika na ya ziwa.
Milima ya Ukinga ilikuwa imejifunika mpaka kiunoni.
Saa mbili zikapita, kapa. Akala mhogo. Akapiga miayo.
Kisha ufito ukashtuka
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Sikumwacha amchezee.
Samaki hachoshwi kwa ajili ya picha
wala havutwi kama mbuzi wa mnadani.
Nikachovya mikono ziwani kwanza
(mkono mkavu humchuna ute,
na ute ndio shati lake la pekee),
nikampokea chini ya tumbo.
Jike. Fedha tupu, ubavu umefura.
Nilipomgeuza, yai moja likatoka,
dogo, la manjano, kama punje ya mtama iliyochemshwa,
likabaki kwenye ukucha wangu.

"Laki mbili juu ya bei," akasema.
Kimya.
"Tatu."

Laki tatu naijua. Ina sura ya Tusekile,
na barua ya ada niliyoikunja ndani ya Biblia
nisiione kila siku.
Ubao wa vipimo ulikuwa tayari, nikaandika:
17. Jike. Sentimita 46.
Mdomo wa juu, kulia, umechanika kidogo.
Nikamshika, uso wake ukielekea mtoni,
mpaka mkia ukaninyang'anya uamuzi.

Injinia hakutamka neno hadi ufukweni.
Alilipa kamili. Barafu akaimwaga mchangani,
ikarudi ziwani taratibu, bila kuwa na kazi.

Jumamosi, sokoni, kati ya vyungu vya Wakisi,
nilimwona kwenye karai la mama Anyelwisye.
Mdomo wa juu, kulia.
Tumbo lilikwisha kupasuliwa; mayai yako pembeni
juu ya jani la mgomba, yanauzwa kivyake.
"Kanaswa wapi huyu?"
"Juu kule, darajani. Gwamaka kaziba mto kwa chandarua."

Gwamaka ni mdogo wangu, wa tumbo moja.

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.
Mimi nina boti, na wageni wanaokuja na barafu yao.
Yeye ana kipande cha mto na watoto wanne,
na hakuna aliyewahi kumlipa
kwa samaki aliyemwacha apite.

Jioni nikaenda kwake na daftari.
Nikamfungulia ukurasa, nikaweka kidole kwenye namba.
Akasoma polepole, akarudia pale kwenye mdomo.
Nikamwambia: kila safari ya boti,
elfu kumi na tano ni ya mto,
ukikunja chandarua Machi hadi Mei.

Akahesabu kwa vidole. Akasema ni kidogo.
Ni kidogo, nikasema.
Akamtuma mtoto alete kiti cha pili.